Jina la Mama Mbele ya Karani

Moroni, Alhamisi, baada ya Isha

Nilitaka kumnunia mama mdogo mpaka kesho. Nimeshindwa.

Amekuja kutoka Mutsamudu, kwenye kisiwa cha jirani, kwa ajili ya macho. Kule wazee hutibiwa bure, lakini daktari wa macho hakuna. Hapa yupo, ila serikali humtibu bure mtumishi wake tu, pamoja na wazazi na watoto wake. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nilimwambia karani wa hospitali kwamba huyu ni mama yangu.

Tulipokuwa tunangoja, mmoja wa wale mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais aliingia kwa daktari bila kuulizwa lolote. Sisi tukaulizwa.

"Bibi, huyu umemzaa wewe?"

Nilimbana mkono. Akajibu taratibu, "Nimemlea tangu ananyonya. Aliyemzaa ni dada yangu Zaharia, Mungu amrehemu."

Karani akainamisha kichwa. "Basi, bibi, mlezi hahesabiwi."

Nilimrudisha nyumbani nimekasirika. Mume wangu anasema ndugu watachanga. Labda. Lakini wasipochanga, na macho yenyewe yanazidi kufifia...

Nilipokuwa namlaza alinipapasa uso, ajue kama bado nimekasirika.

"Macho yatatafutiwa njia, mwanangu," akasema. "Lakini dada yangu nikimfuta mimi, nani atamkumbuka?"

Ni miaka mingi sijasikia mtu akilitaja jina la mama. Nimemwomba anisimulie alivyokuwa. Amesimulia mpaka usingizi ukamchukua, mkono wake ukiwa bado shavuni kwangu.