Tairi za Theluji za Mkwe Wangu

Jumatano, Julai. Kensington, Johannesburg. Asubuhi kavu. Nyasi zimekuwa rangi ya mkate na sakitu nyeupe imeganda juu ya paa la gari. Saa sita mchana jua litawaka na nitavua koti. Hii ndiyo baridi ambayo watu wazima, wenye akili zao, wanaifungia tairi za theluji.

Moyo wangu unachoka. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Siku hizi husema tu "tutaonana," kama anayemsindikiza mgeni hadi barabarani. Naandika nikiwa na mrija wa oksijeni puani, na sioni tena faida ya kuwa na adabu.

Mkwe wangu, Mwangi, ni Mkenya, mtu wa benki, mume wa binti yangu wa pekee, Koku. Alikwenda kusoma Finland miaka michache, na kikubwa alichorudi nacho ni tairi nne. Hapa theluji ikidondoka kidogo watu hutoka ofisini kuipiga picha. Yeye kila Mei huzifunga tairi zake, na huzitoa akikumbuka. Mwaka jana alikumbuka Desemba.

Nilifundisha kemia maisha yangu yote, kwanza kwetu kwenye Kiswahili, kisha Lesotho, mwisho chuo kikuu hapa Braamfontein. Mpira wa tairi ya theluji hutengenezwa ubaki laini hata kwenye baridi kali. Ndiyo maana unashika barafu. Ulaini huohuo ukiuburuza juu ya lami yenye joto, unalika kama sabuni. Nilimweleza. Nikamweleza na namna ya kuzitunza: baridi ikiisha zitoe, zioshe, ziandike kwa chaki ipi ilikuwa gurudumu gani, zilaze penye giza, mbali na jua na mafuta. Akazisimamisha nyuma ya nyumba yake, upande wa jua, zikaegemea ukuta kama walevi.

"Sawa, Mzee," alisema. Ile sawa ya kumnyamazisha mtoto.

Kibaya zaidi, ana wafuasi. Kanisani kwetu Bertrams tairi za theluji zimekuwa fasheni kama kofia za kina mama. Shemasi wetu, Papa Ilunga, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, alipata mbili zilizokwishatumika, akazifunga mbele, nyuma akaacha za kawaida. Mbili! Kwenye barafu gari la namna hiyo mbele linashika na nyuma linakwenda zake. Lakini Papa Ilunga hajawahi kuona barafu nje ya friji, kwa hiyo ana furaha.

Nimewacheka wote kwa miaka. Nimewacheka kwa sauti, mezani, mbele ya wageni.

Sasa niseme linaloniuma.

Mke wangu, Palesa, alikuwa Mosotho. Amelala kwao, juu milimani Lesotho, ng'ambo ya mlima ambao barabara yake huganda Julai. Jumamosi hii ndugu zake wanafunua jiwe la kaburi lake. Jiwe limefunikwa blanketi, na wamesema mimi ndiye nitakayelivuta. Najua sitauona mwezi wa tisa, barafu ikiyeyuka. Ni Jumamosi hii au basi.

Koku alikataa. Theluji imetabiriwa, alisema, na mapafu yako unayajua. Ndipo Mwangi akaweka kijiko chini na kusema, "Na tairi zangu je? Mzee atafika kwa Mama." Wakabishana siku nzima, Koku akalegea kwa sharti moja: tairi hizo, au hakuna safari. Tungekwenda wanne: wao wawili, mimi, na mjukuu wangu Nuru, ambaye ameshachagua kofia ya kuvaa.

Katika familia nzima, aliyetaka nifike kwa mke wangu ni yule ninayemdharau. Hilo halikunifurahisha hata kidogo.

Mwaka huu Mei ilimpita, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada walizifungia hapa uani kwangu. Niliwekwa juani, kwenye kiti, na blanketi magotini, kama mbuzi wa maonyesho. Papa Ilunga alishika spana na kusifu: "Professeur, hii pneu inakamata barabara sawa mukono ya askari!" Mwangi alinionyesha alama ya mlima na theluji ubavuni mwa tairi, kana kwamba alama ndiyo inayoshika barafu. Kisha wakaingia ndani kunywa chai.

Gurudumu lilikuwa usawa wa mkono wangu. Nikabonyeza kwa kucha.

Lilikuwa gumu kama soli ya kiatu. Nikasogeza kiti kwa taabu, nikabonyeza la pili. Vilevile. Katikati ya kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kulikuwa na nyufa nyembamba, na kashata zenyewe zimelika hadi kwenye kile kitako kidogo cha mpira kinachomwambia mwenye macho: hapa theluji imekushinda. Nikasoma tarehe ya kutengenezwa iliyochorwa ubavuni. Tairi hizo zina umri mkubwa kuliko Nuru. Jua na lami ya Johannesburg vimekwishaziua. Zimebaki na alama ya mlima tu.

Walipotoka kunywa chai, nilinyamaza.

Jumatatu nilinyamaza.

Hili ndilo ninaloungama, na silipambi. Nilitaka kulivuta blanketi lile. Nilijiambia kwamba mimi nakufa hata hivyo. Jumatatu jioni Nuru alikuja kunionyesha kofia, akageuka mara mbili ili niione na nyuma, na nikaona upumbavu wa hesabu yangu. Yeye hafi hata hivyo. Nimewadharau watu wengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kukutana na mtu wa kudharauliwa kama yule mzee aliyeisifia kofia ile na kunyamaza kuhusu tairi.

Jana nikasema. Wote walikuwapo, hata Papa Ilunga.

"Mwangi, tairi zako zimekufa. Haziwezi kupanda mlima ule."

Akacheka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Ai, Mzee! Umeanza mapema leo."

"Bonyeza kwa kucha."

Akainama, akabonyeza, akainuka. "Ni tairi, Mzee. Ulitaka iwe chapati?"

Papa Ilunga alicheka hadi akashika ukuta. Nikasema basi twende dukani fundi azipime. Mwangi akajibu kwamba fundi wa hapa atajua nini kuhusu theluji. Nikasema tukodi gari jingine. Akaniuliza kama gari la kukodi lina tairi za theluji. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, alikuwa sahihi.

Koku alinitazama kwa uchovu. "Eish, Baba. Mtu anakupeleka kwa Mama, bado unamtukana?"

Nilifungua mdomo na sikupata sauti nyingine. Ninayo moja tu. Niliitumia kuzungumzia suti zake, sala zake ndefu, hata namna anavyokata nyanya. Jana nilipokuwa na neno la kweli, lilitoka na sauti ileile, na wakalipokea kama wanavyopokea yote: kwa kicheko na kikombe kingine cha chai.

Naandika hapa kwa sababu hawatasoma. Koku alikulia hapa. Kiswahili anakisikia, kukisoma hawezi. Mwangi anaweza, lakini anasema blogu yangu ni ndefu. Waliobaki ni wanafunzi wangu wa zamani, na hao nao wanapungua.

Nisipokwenda mimi, gari haliondoki. Nikisema naumwa, haitoshi: naumwa kila siku, na Mwangi atanibeba mgongoni hadi garini. Ni mtu wa kubeba, huyo. Lazima niliseme hilo pia kabla sijafa. Kwa hiyo nitasema sitaki. Koku akileta uji nitamwambia jiwe ni jiwe, sioni sababu ya kwenda kulitazama, shemeji zangu walivute blanketi lao wenyewe.

Atalia. Mwangi atatikisa kichwa. Tairi wamenikatalia, lakini hili wataliamini kabla sijamaliza kulisema.

Na wewe, Palesa, utaliamini?