Mama Mkwe na Filamu Bubu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kitivo kaniita. Kozi yangu ya filamu bubu huenda ikafutwa! Wanafunzi wamepungua, anasema, na hao waliobaki wanasinzia. Nikamwambia hawasinzii, wanatafakari. Akacheka. Alhamisi atakuja ajionee mwenyewe. Nusu ya maisha yangu nimeimaliza gizani na watu wasiosema — na leo hatima yangu iko kwa mtu asiyenyamaza.

Jumatano, 6 Machi
Mpiga kinanda kakubali kuisindikiza filamu kwa muziki darasani kesho. Safi!
Mama mkwe, aliyekuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya macho, kauliza kazi yangu hasa ni nini. Nikamweleza vizuri, kwa mifano. Akamgeukia binti yake: kwa hiyo mumeo analipwa kutazama TV mbovu? Mke wangu akakimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka huko na masufuria.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Mpiga kinanda ana homa. Mke wangu yuko kazini, ikabidi nimpitie mama mkwe kliniki na kwenda naye moja kwa moja darasani. Nikamkalisha nyuma, nikamwomba kwa heshima zote asiongee.
"Sawa, baba."
Nikatoa utangulizi wangu. Mkuu akapiga miayo waziwazi. Taa zikazimwa. Kimya — projekta tu inanguruma. Kwenye filamu, bwana harusi kajificha kabatini. Mwenye masharubu analia mlangoni. Nimeandika makala nzima kuhusu machozi yale.
"Mwongo huyo! Ana mke mwingine!"
Mama mkwe. (Hana! Filamu hii naijua fremu kwa fremu. Hana!)
Nikatamani ardhi inimeze. Lakini darasa zima likaangua kicheko, na mama ndiyo kwanza kapata moto. Kila aliyetokea kwenye filamu, mama akamsemea kwa sauti yake — bibi harusi, polisi, hata mbuzi. Wasinziaji wangu wakawa wanapiga meza. Mkuu alivua miwani, akajifuta machozi.

Ijumaa, 8 Machi
Kozi imebaki!!! Kwa sharti moja: yule mama aje kila Alhamisi. Nikamkumbusha mkuu kwamba profesa ni mimi. Hilo halina ubishi, akasema — huku akiangalia saa.

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe anarudi kwake kesho. Nilimkuta akikunja nguo za safari, nikamweleza shida yangu kwa unyenyekevu. Akafikiri kidogo.
"Nitakaa, mkwe wangu. Ila yale maneno yako ya mwanzoni uyaache. Unawachosha watoto wa watu."
Utangulizi wangu! Nimeunoa tangu nikiwa mhadhiri msaidizi! Nikasema nitafikiria, nikajifungia humu.
Sasa yuko sebuleni anamwigizia mke wangu ninavyotembea darasani, mikono nyuma, kidevu juu. Na mke wangu — aliyeapa kusimama upande wangu kwa shida na raha — anacheka hadi anapaliwa.
"Mkwe!" Ananiita. "Niendelee kukunja, au nikunjue?"