Eda Bila Maiti

Kisenyi, Ijumaa, 1975

Shemeji kaniudhi. Kaja na shuka jeupe, anataka nianze kukaa eda. "Shemeji, kaka hayupo tena. Askari mmoja wa kambi ya Naguru, walikompeleka, kaniambia."

Kakuambia! nikamjibu. Maiti yake umeiona?

Akanisogezea shuka.

Mume wangu, kabla askari hawajamtia kwenye buti la gari wakaondoka naye, aliwasomesha wanafunzi wake hapa hapa barazani, na huyu mdogo wake akiwemo, kwamba yakini ina daraja tatu: kusikia habari za moto, kuuona moto, kisha kuungua. Leo kwa neno la askari tu wanataka nimzike mwalimu wao.

Shuka nimemrudishia. Nikapiga pasi kanzu yake ya darsa, kama kila Ijumaa.

Nilipofika shingoni nikaitua pasi, kanzu sikuimaliza. Ee Mola, moto wenyewe sijauona. Mbona nimeshaungua?