Gari Nililosema Nimelikagua

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na wote mlio chini ya paa hilo. Mgongo wako umepata nafuu, au bado unainama kufagia kana kwamba nyumba nzima haina mwingine mwenye mikono? Mimi mzima wa mwili. Kula nakula, kulala ndiko kunakonishinda, na sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho. Tafadhali usianzie mwisho, maana nakujua.

Shemeji alinipigia simu akaniambia kwamba Jumamosi mnakaa kikao cha kuvunja uchumba wa mpwa wangu. Alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mtoto wa tapeli, na kwamba mtu aliyethubutu kumuuzia mkwe mwenzake gari lililochezewa hashindwi na lolote. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata simu. Ndiyo maana naandika, kwa sababu kwenye karatasi siwezi kusingizia mtandao.

Gari lile lilipozimika mlimani na kuvutwa hadi gereji yetu, niliifungua injini kwa mikono yangu. Nikakuta pistoni moja imeyeyuka kichwani. Nilijua mara moja kwamba injini haifiki huko bila mkono wa mtu. Nikaichomoa kompyuta ya injini, nikaipeleka kwa fundi umeme wa mtaa wa pili, yule tunayemwita Miwani, huku nikiomba asione kitu. Akaisoma programu yote, akailinganisha na ya kiwandani, akaniambia bila kuzunguka kwamba imebadilishwa. Mafuta yameongezwa, turbo imelazimishwa kusukuma hewa kupita kiasi. Kuna mtu alitaka gari la kwenda kazini likimbie mashindano.

Niliwaletea habari hiyo, nanyi mkaijazia wenyewe. Shemeji alisema mimi nililikagua gari likiwa safi, na mimi sikosei, kwa hiyo yule mshonaji, mkwe wenu, lazima alilichezea baada ya ukaguzi ili siku ya kulijaribu barabarani livute vizuri. Wote mkaona hoja imekaa sawa. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba kama si neno langu, usingeamini mzee mpole kama yule, aliyewashonea wanao sare za shule, angeweza kufanya uchafu huo. Nilijifanya natafuta spana chini ya benchi ili usinione uso. Siku hiyo ningesema, yangeisha. Sikusema.

Sasa nikurudishe kwenye siku ya ukaguzi. Mlikuwa mmekaa uani kwa mshonaji, chai iko mezani, wazazi wa pande mbili mnasifiana watoto. Nilichomeka mashine yangu chini ya usukani, nayo ikaonyesha hakuna hitilafu. Shemeji akapiga makofi, akawaambia wakwe zenu kwamba ukoo wetu una daktari wa magari. Nikavimba kichwa, dada, nikashindwa hata kuinama vizuri chini ya boneti. Lakini mashine ile husoma yale tu ambayo kompyuta yenyewe inayakiri, na kompyuta iliyochezewa imekwisha fundishwa kwamba mambo yote ni sawa. Kuiuliza ni kama kumuuliza mlevi kama amelewa. Hayo niliyajua tangu nikiwa najifunza kazi.

Ingekuwa ni hayo tu, ningesema nilikosea na ningeomba radhi kama watu wanavyoomba. Ila mshonaji alinifuata pale kwenye gari. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba aliyekuwa nalo kabla yake alikuwa kijana mpenda mbio, na kwa kuwa yeye mambo ya kompyuta hayajui, ananiomba nihakikishe haijaguswa. Alisema ni heri akose mnunuzi kuliko kuwauzia wakwe aibu. Aliniomba mwenyewe, dada, kwa mdomo wake.

Kuhakikisha kulitaka kuitoa programu, na kifaa cha kazi hiyo alikuwa nacho Miwani peke yake. Wiki ileile nilikuwa nimemcheka Miwani mbele ya wateja wake, nikamwita fundi wa redio. Niliona haya kwenda kumwangukia. Nikamwambia mzee awe na amani, nimekagua kila kitu hadi ndani ya kompyuta. Ulikuwa uongo mtupu. Niliusema nikitabasamu, kisha nikaja kunywa chai yake.

Jana nilikwenda kwa mshonaji. Nilimuuliza kwa nini siku zote hizi, mnapomwita tapeli, hakuwaambia kwamba alinionya. Alisema neno hilo likitoka kinywani mwake lingeonekana la kujitetea, tena hakuona vyema mtu avuliwe nguo na mkwe mbele ya dada yake. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilitoka bila kuaga. Nililia njiani, mtu mzima mimi, na sijali aliyeniona.

Ninachokuomba ni kimoja. Jumamosi, kabla mtu hajasema lolote, shemeji aisome barua hii kwa sauti mbele ya mshonaji na mkewe. Asiruke mahali, hasa pale pa chai. Nami nitakuwepo, ili kila mwenye la kuniambia anikute. Usinitetee, dada. Najua utataka, umezoea tangu utotoni, lakini safari hii niache nibebe mwenyewe. Injini nitaijenga upya, na Miwani nimekwisha kumwangukia. Alinicheka mpaka akavua miwani, kisha akakubali kuirudisha programu ya kiwandani.

Nisalimie watoto, nisalimie majirani, na shemeji pia, kama bado atazipokea salamu zangu. Mpwa wangu mwambie asilie. Jana nilipoingia kwa mzee nilimkuta kwenye cherehani, gauni la harusi la binti yako liko mapajani, anashona.

Ni mimi, mdogo wako,
mwenye aibu.