Upanga wa Teguh Umetulia Kidoleni

Jumanne, 12 Septemba
Itangazwe kwa walimwengu wote: leo saa kumi jioni, hapa Malang, upanga wa plastiki umelala juu ya kidole changu cha shahada bila kuanguka! Shahidi ni paka wa Mama Lastri, mwenye nyumba. Alipiga miayo.

Ni upanga wa taa wa Teguh, mwenzangu wa mchezo huu. Aliuacha kwangu alipooa akahamia Surabaya. Mwaka na miezi miwili. Jumamosi kuna onyesho uwanjani — watu wawili wawili tu, mnazungusha panga, mwishoni mnarushiana. Peke yangu sipokelewi. Nimemwandikia Teguh aje. Kajibu atajitahidi.

Upanga ulikuwa unavuta mbele, ukiuzungusha unakuvunja kifundo cha mkono. Nimeshindilia chubwi nne, zile risasi za kuzamishia ndoano, kwenye kitako cha mpini. Sasa unatulia upana wa vidole vinne juu ya swichi, apendavyo Teguh.

Jumatano, 13 Septemba
Mama Lastri kaleta tempe ya soya ya kukaanga. Akataka kujua taa ndefu hivyo inamulika nini. Nikasema ni upanga.

"Mwanangu, wa rika lako wanabeba watoto."

Tempe ilipungukiwa chumvi. Nimeila yote.

Alhamisi, 14 Septemba
Teguh kimya. Nimezungusha wangu kulia, wake kushoto. Kujirushia mwenyewe haiwezekani. Nimejaribu.

Ijumaa, 15 Septemba
Baada ya swala nikabonyeza swichi ya upanga wake. Giza. Lazima iwe giza — betri iko kabatini! Niliitoa mwenyewe siku aliyohama, isije ikavuja. Siku tatu nasawazisha upanga usio na betri!

Nikairudisha. Upanga ukaangukia nyuma kama mlevi. Nikatoa chubwi moja. Mbili. Zote nne. Ukatulia — palepale kwenye alama aliyoichora Teguh kwa msumari. Haukuwa na kasoro yoyote tangu mwanzo.

Jumamosi, 16 Septemba
Uwanjani. Pramuji, mshika orodha, kanijia mara ya tatu kuuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema yuko njiani.

"Kaka Wiyono, hata konokono wa Surabaya angeshafika."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Kisha akatuandika wa mwisho, bila kuombwa.

Simu! Teguh. Anasema nisihofu kaka, ndiyo kwanza anafunga mlango wa nyumba aje. Kutoka kwake mpaka hapa ni mwendo wa saa mbili.

Nimewasha panga zote mbili. Mbele yetu zimebaki jozi tatu, dakika nne kila moja.