Kompyuta zenye virusi

Bariadi, Jumanne, Juni 1999

Bado namwaza mama. Gazeti lilifika na basi la Mwanza, nikamsomea ukurasa anaoupenda, ule wa vituko vya dunia. Kondoo aliyezaliwa bila dume hakumshtua. Mbunge aliyekoroma bungeni alimchekesha. Lakini niliposoma kwamba kompyuta za Ulaya zimeambukizwa virusi, aliacha kumenya viazi vitamu vya kukausha kuwa michembe.

"Masikini. Nani kaziambukiza?"

Nilikereka, nikamweleza kuwa si virusi vile vya watu. Sijui kama alinielewa.

"Hata hivyo wasizitenge," akasema. "Mgonjwa anakula chungu kimoja na wenzake."

Nikashindwa kuendelea kusoma. Majibu yangu ya hospitali yana wiki mbili chini ya godoro.

Kesho nitamwambia. Nitaanzia kwenye zile kompyuta.