Jani Nililopokea Ijumaa Kuu

Alhamisi, 17 Aprili
Nimesahihisha madaftari ya Darasa la Sita mpaka nikafika la Neema. Hesabu zote sahihi. Nikashindwa kuendelea. Mvua tangu alfajiri, Kibosho yote tope, na chumba ninacholala na Neema hapa kwa mama yake kinanuka usaha. Sikio lake la kushoto linatoka maji tangu Ijumaa iliyopita, mwalimu mkuu alipompiga kofi mstarini kwa kosa la kucheka. Zahanati wamesema ngoma ya sikio imepasuka. Mama Neema aliwaambia mtoto kaanguka.

Mimi niliona. Hatua tatu tu, chaki mkononi, nikatazama viatu vyangu. Binti mgeni, mwalimu wa kujitolea, mwaka wa pili, nasubiri mwalimu mkuu anisifie kwa barua niombee ajira. Najichukia.

Basi. Jumanne ofisi zikifunguliwa nakwenda kwa afisa elimu kata kusema nilichoona. Mama Neema amekubali twende wote.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Njia ya Msalaba kwenye utelezi. Kituo cha tano, nani kabeba msalaba? Mwalimu mkuu. Kwa mkono uleule. Kinyaa kitupu.

Tulipotoka akanifuata getini. Akanipa jani refu la kijani lililofungwa fundo, kwa mikono miwili, kichwa kakiinamisha. "Mwalimu, pokea." Nikadhani ni la kupambia altare ya Pasaka. Nikapokea. Kina mama waliokuwa karibu wakasema "Aika!" kwa pamoja. Sikuelewa wananishukuru kwa lipi. Nimelichomeka dirishani.

Jumamosi, 19 Aprili
Mama Neema kaliona jani nikiwa nafua. Akakaa chini kwenye ndoo.

Lile ni isale. Kwetu Masasi hatuna kitu hicho. Huku Uchaggani mkosaji hulipeleka kuomba radhi, na anayelipokea amesamehe. Shauri halisemwi tena popote. Jana jioni, nikiwa mazoezi ya kwaya, mwalimu mkuu alimletea Mama Neema lingine, pamoja na mzee wa ukoo.

"Ningekataaje, mwalimu? Wameniambia wewe uliyeona kwa macho umeshapokea, tena mbele za watu. Nikajiona mimi ndiye mwenye roho mbaya."

Alijua mimi mgeni. Alijua sijui. Ndiyo maana akaanza na mimi, mshenzi yule. 

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili
Mwalimu mkuu kaleta mbuzi. Kachinjwa hapa hapa uani. Wanaume wakanywa kisusio, ile supu ya damu, na yeye masharubu yamelowa anacheka. Mbege, pombe yao ya ndizi, inazunguka. Akamwita Neema kwa nyuma. Mtoto hakusikia. Akaita tena.

"Huyu bado ana kiburi!" Akainua mkono, eti utani.

Neema akaangusha sahani, akajifunika kichwa. Watu wakacheka. Nilikuwa na nyama mdomoni, nikaitema.

Wakati wa kuondoka akaninong'oneza kuwa barua yangu ataiandika wiki hii. Nikasema asante. Nikasema asante! Kwa mdomo huu. Nimepiga mswaki mara mbili na bado nausikia uchafu.

Jumatatu, 21 Aprili
Tukimenya ndizi nimemuuliza Neema kama amemsamehe. Kafikiri kwanza.

"Sijui, mwalimu. Mimi sikupewa jani."

Mama yake alikuwa anakata nyama iliyobaki. Akaacha kukata.

Nimeandika maelezo yangu, kurasa mbili. Barua yake ya sifa abaki nayo.

Jumanne, 22 Aprili
Mvua imekatika. Mama Neema hakuja; anasema isale limemfunga. Lakini aliamka mapema akamsuka Neema, akamvalisha sweta la kanisani, akatusindikiza mpaka kwenye mfereji. Hakusema tusiende.

Ofisi ya kata, watu wengi. Nimekabidhi karatasi zangu, tukaambiwa tusubiri kwenye benchi. Nikamwambia Neema asiogope, nitakuwa naye humo ndani.  Akanitazama midomo. Kisha akanyanyuka, akazunguka, akakaa upande wangu wa pili, sikio lake la kulia likanielekea.

"Sema tena, mwalimu."

Nikarudia.